Laptopu kwa watahiniwa bora wa Pate: kigezo kwanza, duka baadaye

Swali: Assalamu alaikum. Sisi ni chama cha wenyeji wa Faza, Kizingitini na Tchundwa tunaoishi Mombasa. Tumechanga shilingi 600,000 tuwape laptopu watoto watakaofanya vizuri zaidi katika KCSE, mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, kwenye kisiwa cha Pate. Baadhi yetu wanataka tununue 16 za mitumba, wengine wanataka chache lakini mpya, na wengine wanasema tusijisumbue, tuwape tu kumi bora. Tufanyeje ili pesa za watu zisipotee? Mweka hazina.

Jibu: Waalaikum salaam, Mweka Hazina. Kwa fedha hizo nunueni laptopu 13 zilizotumika na zilizo katika hali nzuri, 12 za kutoa na moja ya akiba. Lakini kabla hamjaingia duka lolote, andikeni nani atapewa na kwa kigezo gani, kisha kigezo hicho kisomwe mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Nne mwanzoni mwa mwaka. Mkikitangaza baada ya matokeo kutoka mtakuwa mmetoa hadiya nzuri, ila haitakuwa imemwamsha mtoto hata mmoja alfajiri kwenda kudurusu. Mtihani umekwisha, naye hakujua kwamba kuna kitu anakishindania.

Jambo hili lilipimwa hapa hapa Kenya. Mwaka 2001 na 2002, katika wilaya za Busia na Teso, wasichana wa darasa la sita waliambiwa mapema kwamba watakaoingia katika asilimia 15 ya juu watasaidiwa karo na vifaa kwa miaka miwili. Watafiti Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton walichapisha matokeo mwaka 2009. Alama zilipanda, hasa Busia, na zilipanda hata kwa wasichana waliokuwa nyuma kiasi cha kutotarajiwa kushinda. Walimu nao wakawa wanafika kazini zaidi. Ahadi iliyo wazi, iliyotolewa mapema na mtu anayeaminika, ilisukuma shule nzima, si wale wachache wa mbele tu.

Sasa hilo la "kumi bora". Mkichukua kumi wa juu wa kisiwa kizima, kuna hatari kubwa laptopu zote zikaangukia shule moja au mbili zenye walimu wa kutosha na maabara. Mtoto wa shule ndogo akishahesabu kwamba hana njia, ahadi yenu haimhusu tena. Gawanyeni hizo 12 hivi: sita ziende kwa pointi za juu kabisa za kisiwa, lakini shule moja isichukue zaidi ya tatu. Nne ziende kwa wavulana wawili na wasichana wawili bora kutoka shule ambazo hazikupata kitu katika zile sita. Mbili za mwisho ziende kwa waliopanda zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kamati nyingi hukorogeka.

Kupanda kunapimwa kwa kulinganisha alipoanzia na alipofikia. Watahiniwa waliobaki wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 wana alama za KCPE, mtihani wa darasa la nane uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wapangeni watahiniwa wote wa shule kwa alama zao za KCPE, kisha wapangeni upya kwa pointi za KCSE. Aliyekuwa wa 40 kati ya 60 akatoka wa 9 amepanda nafasi 31. Nafasi ni bora kuliko kutoa alama kwa alama, maana mitihani hiyo miwili haina kipimo kimoja. Kwa kuwa shule hazilingani kwa ukubwa, gawanyeni nafasi alizopanda kwa idadi ya watahiniwa wa shule yake: 31 kwa 60 ni kama asilimia 52, na hiyo ndiyo mtakayolinganisha kati ya shule na shule. Wekeni na sakafu ya C+, ambayo ndiyo mlango wa shahada. Bila sakafu, aliyeanzia mkiani kabisa hupanda kirahisi, nanyi mtajikuta mnampa laptopu mtu ambaye hana pa kwenda nayo mwaka huo.

Msitegemee gredi ya wastani peke yake kupanga washindi, kwa sababu wawili wenye B+ wanaweza kutofautiana pointi kadhaa. Hesabuni wenyewe kutoka kwenye slipu. Tangu KCSE ya 2023, wastani unachukua Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 12, kwa hiyo jumla ya juu ni 84. Wakifungana, tangazeni tangu awali kitakachowatenganisha, kwa mfano gredi ya Hisabati, kisha ya lugha. Mkiliacha hilo kamati ije kuliamua siku yenyewe, litaamuliwa kwa ukoo.

Swali jingine litakaloletwa mezani, na heri mlijibu sasa: mtoto wa Kizingitini anayesoma Mombasa au Mpeketoni anahesabiwa? Ushauri wangu ni hapana. Nia yenu ni shule za kisiwa, na mkifungua mlango huo, waliokwisha kupata nafasi katika shule kubwa za bara ndio watakaozoa zote. Waandikieni barua ya pongezi.

Kuthibitisha matokeo, msipokee picha ya slipu kwenye simu. Mwombeni kila mwalimu mkuu orodha kamili ya shule yake iliyopigwa muhuri na kutiwa sahihi, mlinganishe na slipu ya mtahiniwa kwa namba ya mtihani, ambayo ina tarakimu 11: nane za kituo na tatu za mtahiniwa. Tarakimu nane za mwanzo zikitofautiana na za orodha ya shule, hakufanyia mtihani hapo.

Tuje kwenye mashine. Mpya za bei ya chini ndizo zinazowavutia wengi, na ndizo nisizozipendekeza kabisa. Nyingi zina prosesa ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64 iliyogandishwa kwenye bodi. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Sasisho chache tu, hifadhi imejaa, na haiwezi kuongezwa. Laptopu ya ofisi iliyotumika Ulaya au Marekani, za aina ya EliteBook ya HP, ThinkPad ya Lenovo au Latitude ya Dell, ina bawaba imara, kibodi inayobadilishika na vipuri vinavyopatikana Mombasa. Takeni prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM GB 8, na hifadhi ya SSD ya GB 256.

Kizazi kinasomwa kwenye namba baada ya kistari: i5-8250U ni cha 8, i5-7200U ni cha 7, i5-1135G7 ni cha 11. Msikubali cha 7 hata kikipunguzwa bei vipi. Windows 11 haikiungi mkono rasmi, na Windows 10 ilisitishiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Muulizeni pia muuzaji kama kuna nafasi tupu ya RAM. Atakayeitwa kusomea uhandisi au usanifu majengo atahitaji GB 16, na ikiwa nafasi ipo mtaongeza kipande cha GB 8 badala ya kununua mashine nyingine. Kwenye baadhi ya laptopu nyembamba RAM imechomelewa. Hizo ziacheni dukani.

Hesabu yangu inaichukulia mashine kuwa shilingi 36,000, ingawa bei ya kweli itatoka kwenye makadirio ya maandishi ya maduka matatu. Aliyegawa 600,000 kwa 36,000 akapata 16 amesahau kwamba mtoto hawezi kuishi na mashine tupu. Begi lenye sponji 1,500, kinga ya umeme 1,000, flashi ya GB 64 nyingine 1,000: kila mtoto anafika 39,500, na 12 ni 474,000. Mashine ya akiba inafikisha 510,000. Chaja tatu za ziada kwa 2,500 kila moja, 517,500. Bando la intaneti la 2,500 kwa kila mtoto, 547,500. Fundi, siku ya mafunzo na nauli za boti 25,000. Zinabaki 27,500, nazo ni mfuko wa matengenezo na wa kuongeza RAM. Msiziguse kwa ajili ya biriani ya sherehe. Chakula kitafutiwe mchango wake.

Kwa kuwa idadi imeshajulikana kuwa 12, hamna haja ya kungoja matokeo ndipo mnunue. Nunueni mwanzoni mwa Desemba, mpate wiki tatu za kupima na kurudisha mbovu. Mkataba na duka useme kwa maandishi: waranti ya miezi 6, na haki ya kubadilisha ndani ya siku 21 bila malipo. Lipeni kwa akaunti au Paybill ya duka, si kwa namba ya mtu.

Kupima ndiko kunakookoa pesa, na si kazi ya kutazama rangi. Kwanza zimeni mashine, washeni mkibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nenosiri kabla ya kufungua mipangilio, irudi. Mkiingia, tazameni sehemu ya usalama: palipoandikwa Computrace au Absolute, kisha ikaonyesha kwamba imewashwa, hiyo huenda bado inafuatiliwa na mwenyewe wa kwanza, naye akaweza kuifunga ikiwa Faza. Halafu ondoeni Windows iliyomo, wekeni upya, na muunganishe intaneti wakati wa kuweka. Hatua hii wauzaji wengi huiruka. Ikiwa mashine ni ya kampuni au shule ya ng'ambo ambayo haijaifuta kwenye orodha yake, hapo ndipo itadai baruapepe ya kampuni hiyo. Ukiweka bila intaneti hutaona kitu, hadi siku mtoto atakapohitaji kuiweka upya akiwa chuoni.

Betri inapimwa kwa amri moja: fungueni dirisha la amri (Command Prompt), mwandike powercfg /batteryreport. Itatoka ripoti yenye uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ikiwa ilitengenezwa na mWh 50,000 na sasa inabeba 31,000, imebaki asilimia 62, nayo haifai. Kubalini 80 na kuendelea. Kisha ichezesheni video mfululizo bila chaja; iliyo nzima itapita saa tatu. SSD ipimeni kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure, mkatae yenye afya chini ya asilimia 90. Uhalali wa Windows unaonekana kwa amri slmgr /xpr: ikisema imeamilishwa kwa kudumu, sawa, ikitaja tarehe ya kuisha, imewekwa kwa ujanja na itaanza kulalamika ndani ya siku 180.

Kibodi igongwe kila herufi. Za kutoka Ufaransa zina AZERTY na za Ujerumani zina QWERTZ, zikataeni, kwa sababu mtoto anayejifunza kuchapa atazoea mpangilio ambao hataukuta popote Kenya. Jaribuni kila tundu la USB, kamera, maikrofoni, spika, wifi. Chaja iwe ya wati zinazotakiwa na mashine, kawaida 45 au 65, na waya wake uwe na plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 3 au 5. Plagi ya Ulaya ya miguu miwili iliyochomekwa kwenye adapta hulegea, hutoa cheche, na hatimaye huua chaja.

Kuhusu umeme, ulizeni familia kabla ya kutoa. Nyumba yenye sola ndogo ya taa tatu na kuchaji simu haitaichaji laptopu. Paneli ya wati 10 kwenye jua la pwani hutoa kama wati-saa (Wh) 50 kwa siku nzima, na baada ya upotevu zinabaki 35 hivi, ilhali betri ya laptopu peke yake ni 45 hadi 50. Paneli ya wati 100 inatosha taa na kuchaji mara tatu. Inveta iwe ya mawimbi safi. Zile za bei rahisi zinaweza kuipasha chaja moto kupita kiasi. Mashine inayochaji kwa USB-C ina nafuu hapa, kwani chaja ya gari ya wati 65 huchukua moja kwa moja kutoka betri ya volti 12 na inveta haihitajiki. Kwa familia isiyo na hata hiyo, ongeeni na shule au zahanati iwape soketi moja jioni, na makubaliano yaandikwe.

Chumvi ya bahari ndiyo adui asiyeonekana. Matundu ya USB huota kutu ya kijani, feni hunata vumbi la chokaa la kuta za zamani. Laptopu isiwekwe dirishani upande wa bahari, isiachwe miezi bila kuwashwa, na ndani ya begi pakae vifuko viwili vya silika vya kunyonya unyevu. Ikimwagikiwa maji ya bahari, zimeni, toeni chaja, pelekeni kwa fundi siku hiyo hiyo. Kuianika juani na kuiwasha kesho yake ndiko kunakoimaliza.

Kuzivusha, wekeni mashine kwenye madramu ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, kila moja katika mfuko wake, na mzigo ugawanywe boti mbili. Muulizeni nahodha maji ya siku hiyo: kupita Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, kunategemea kujaa, na kukwama juani saa tatu na betri za lithiamu si jambo jema. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa na afadhali kuliko miezi ya kusi. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza kama tarehe 8 Februari, kwa hiyo kwa matokeo yatakayotoka mwaka huo toeni wiki ya mwisho ya Januari.

Wapo watakaowaambia mngoje hadi vyuo vifunguliwe Agosti au Septemba. Hoja yao ni kwamba itauzwa. Mimi naona hasara ya kungoja ni kubwa zaidi: miezi hiyo ndiyo ya kuomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, kuomba mkopo wa masomo wa HELB na kujifunza kuchapa kwa vidole kumi. Kupunguza kuuza, chongeni jina la chama na namba kwenye mfuniko, andikeni namba ya mashine kwenye daftari lenu, na mzazi atie sahihi pamoja na mtoto. Lakini umiliki uwe wa mtoto tangu siku ya kwanza. Sharti la kurudisha hamtaweza kulitekeleza, na litawadhalilisha bure.

Ombi la kuwapa pia wa Kidato cha Tatu litakuja. Likataeni. Romania iliwapa familia maskini vocha za euro 200 za kununua kompyuta, na utafiti wa Ofer Malamud na Cristian Pop-Eleches wa 2011 ulikuta watoto walipata ujuzi wa kompyuta lakini gredi zao shuleni zikashuka. Peru iligawa laptopu kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, na hakukuonekana maendeleo katika hisabati wala lugha. Kwa aliye bado darasani, tuzeni kazi anayoweza kuifanya leo: karatasi za mitihani iliyopita alizomaliza na kusahihishwa, vitabu alivyosoma. Roland Fryer aliligusa hilo katika majaribio ya miji ya Marekani aliyoyachapisha mwaka 2011. Kulipa kwa kusoma vitabu kulionekana kuwa na matumaini zaidi kuliko kuahidi pesa kwa alama, pengine kwa sababu walioahidiwa pesa kwa alama walizitaka lakini hawakujua waanzie wapi. Tuzo yao iwe kikokotoo kinachoruhusiwa na KNEC, baraza la mitihani, kisichopangika, pamoja na seti ya jometri.

Siku ya kutoa iwe ya mafunzo, hotuba ziwe fupi. Fundi aweke mapema LibreOffice ya kuandikia na kupiga hesabu, na Kiwix yenye Wikipedia ya kusoma bila mtandao. Mtoto mwenye ulemavu wa macho awekewe NVDA, kisomaji skrini cha bure. Kila mmoja aondoke na baruapepe yenye namba ya simu ya kuirejesha, na awe ameunganisha laptopu na intaneti ya simu yake kisha akauweka muunganisho huo kuwa wa kupimwa (metered connection) kwenye mipangilio ya wifi. Bila hatua hiyo, Windows itapakua sasisho na bando la mwezi litakwisha usiku mmoja.

Picha za watoto mtandaoni ziwe na idhini ya maandishi, ya mzazi ikiwa hajatimiza miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezewi: mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa.

Na mpango huu una umri wake. KCSE ya 8-4-4 itafanywa mara ya mwisho 2027. Walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wanasoma katika mikondo mitatu, STEM, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, nao hawakufanya KCPE. Kigezo cha nafasi alizopanda hakitawafaa, na zile sita za juu itabidi zigawanywe kwa mikondo. Liwekeni hilo katika ajenda ya mkutano wa 2027, kabla ya kuanza kuchanga upya.